Nilisugua Alama za Mionzi Mwilini mwa Mwanangu

Nimekosa, jamani. Padre nimeshamwambia na bado usingizi hauji, ndiyo maana naandika kwenye ukurasa huu. Jina langu liacheni. Mimi ni bibi wa hapa Bigwa, shule niliishia darasa la tatu.

Mwanangu nimwite Felista. Alipata kansa ya utumbo mpana, akapasuliwa, kisha wakasema apigwe mionzi chini ya kitovu kuua mabaki. Mionzi yenyewe mpaka Dar.

Siku ya kupangiwa nilikuwepo. Walimlaza kwenye mashine, wakampiga picha, wakapima na kupima tena. Binti mmoja wa pale kwenye mashine, Zuhura, akamchora misalaba kwa wino, mmoja tumboni, mingine nyongani. Aliniamkia vizuri, akanieleza kwamba mionzi inafuata alama zile, ikihama kidogo tu inaunguza pasipo na ugonjwa. Zisisuguliwe. Zikififia, waambiwe wao.

Nikaitikia. Moyoni nilichukia. Misalaba mimi naijua inakochomekwa, makaburini!

Felista alikuwa analala kwa mdogo wangu Anjelina huko Dar, mwisho wa wiki anarudi kwangu. Ukoo wetu, mtu akitoka kuuguzwa, mama yake humwogesha kwa maji ya majani na dodoki, kumtoa uhospitali. Jumamosi ile aliniambia, "Mama, kote ila hapo." Halafu uchovu ukamzidi, akasinzia kwenye kigoda.

Nilipofika kwenye misalaba sikuiruka. Nikasugua zaidi, huku nasali.

Maji yakashuka ya zambarau. Ndipo nikaogopa.

Ningesema tu! Lakini niliona haya kugombezwa na mtoto niliyemzaa. Nikamlaza, alipopitiwa na usingizi nikachukua kalamu ya wino mzito ya mjukuu wangu Devota, nikachora upya kwa kukisia.

Jumatatu akaenda. Wakampiga mionzi kwa misalaba yangu, wiki nzima.

Walipompiga picha ya kuhakikisha, Zuhura akashtuka, alama zimehama. Felista akanipigia.

"Mama, uligusa zile alama?"

"Sikugusa."

"Basi wamekosea wao. Wewe ungeniambia."

Zuhura wa watu akasemwa na wakubwa zake, kwa mkono wangu mimi. Matibabu yakasimama, mwanangu akapangiwa upya toka mwanzo, na ugonjwa haukusimama kumngoja.

Sasa Felista anakojoa damu. Daktari anasema huenda ameungua kibofu, huenda ugonjwa umehamia huko, wanangoja majibu. Wanamuuliza kama kuna lililotokea nyumbani, anasema hakuna. Anayejua ni mimi, niko jikoni nachemsha maji.

Jana akanipa dodoki. "Niogeshe wewe, mama. Wengine siwaamini."

Nikamwogesha. Nikamfunga kanga, nikarudi jikoni bila kumwambia.

Wenzangu mnaouguza, alama ya hospitali iacheni ilivyo, hata ikiwatisha. Ikifutika, semeni kabla mgonjwa hajarudi kwenye ile mashine. Kalamu msishike. Aibu ingenipita mimi kwa siku moja, madhara haya yameingia mwilini mwa mtoto.

Felista huwa anasoma ukurasa huu. Mwanangu, ukifika hapa, usinijie jikoni kwanza. Mpigie Zuhura, umwambie ni mama. Halafu njoo. Mlango sijaufunga.