Siku Tulipoipunga Sari Pepo

Enzi za Mdachi nilikuwa nafua nguo kwa Mama mmoja wa Kihindi, mke wa mwenye duka jirani na stesheni ya Morogoro. Alikuwa na sari moja, jamani! Hariri tupu, pindo la nyuzi za dhahabu. Kaifuma babu yake kwa mkono huko kwao, miguu kaitumbukiza shimoni chini ya mtambo, miezi sita hatoki. Nyepesi! Ukipiga chafya mjini, unakwenda kuiokota Mlali. Bibi yake aliolewa nayo, Mama mwenyewe kaolewa nayo, na Jumapili ilikuwa zamu ya binti yake. Ikiharibika, hakuna nyingine.

Alhamisi Mama akafungua sanduku. "Sari imelala sana. Punga pepo. Usiweke juani." Akaenda stesheni kupokea wageni.

Nikaganda. Kumbe sari ina pepo! Ndiyo maana inang'aa vile! Nikatoka mbio za kumpita swala mpaka kwa shangazi yangu, fundi wa kupunga mapepo.

"Shikamoo shangazi. Kuna pepo la Kihindi kwenye nguo."

"Marahaba. Kubwa?"

"Urefu wake mikono kumi na miwili."

"Mh! Hilo la ngoma tatu."

Akaja na wenzake sita na jogoo mwekundu. Tukaitandaza sari juu ya mikeka uani, kivulini. Ngoma zikalia mpaka Turiani watu wakakata viuno bila kujua shughuli ya nani. Shangazi akaiinamia sari: "Taja jina lako! Unataka nini?"

Akaitegea sikio.

"Lina kiburi hili. Leteni jogoo!"

Jogoo kashikwa shingo juu ya dhahabu ile, kisu kimetoka, mara Mama huyo mlangoni! Alivyopiga ukelele, nakwambia mlima Uluguru ulisogea hatua mbili.

"Mnafanya nini?"

"Tunapunga pepo, Mama, kama ulivyosema!"

"Upepo! U-pepo! Hewa!" Akavimbisha mashavu, akapuliza fuu, fuu, kama anawasha jiko.

Shangazi akashusha jogoo taratibu. "Kumbe hiyo 'u' ndiyo iliyotuponza."

Mama akaikagua sari uzi kwa uzi. Hakuna tone la damu. Hakuna uzi uliokatika. Akakaa chini, akacheka mpaka akalia.

"Haya, shikeni wote!"

Wanawake wanane tukashika pindo kwa ncha za vidole, upepo wa mlimani ukapita. Akatufundisha kuikunja: dhahabu ikae ndani, na usirudie mkunjo wa zamani, nyuzi zitakatika palepale. Shangazi anakunja huku anaibembeleza: "Samahani mwanangu, tulikusingizia."

Jumapili binti akatoka nayo, anameta ukumbi mzima. Bwana harusi kuitazama, akajikwaa. Nikamdaka kiwiko.

"Taratibu, baba. Anguka utakavyo, ila hiyo usiikanyage."