Ngoma Imebaki Kwangu

Niliwasikia kabla sijawaona. Kwenye ghorofa yetu hapa Gatina, Kawangware, sauti hupanda ngazi mbele ya mtu, na Jumamosi hiyo kilichokuwa kinapanda ni ngoma. Nilikuwa nimeinamia beseni, nafua nguo za watu, mtoto mgongoni. Mkono ukasimama ndani ya povu. Huo mdundo naujua. Na mkono unaoupiga naujua.

Kanisa letu ni la ngoma. Wazee walilibeba kutoka Magharibi wakaja nalo Kibera, na mimi nimekua nikiufuata huo mdundo kila Jumapili, kutoka nyumba yetu ya mabati upande wa Gatwekera, sote kwa kanzu nyeupe, watu wa njiani wakitupisha. Tukimtembelea mtu tunaimba mlangoni, kisha ngoma huingia kwanza ifukuze kibaya kilichomo. Wengine hufuata. Hakuna anayeipita. Mpaka ngoma ivuke mlango, hujakaribishwa.

Watu husema nilitoka kanisani. Sikutoka. Nilitolewa. Tumbo lilipoanza kuonekana, muda mfupi baada ya mtihani wa fomu foo, akina mama waliniita kando wakanivua kitambaa cha kichwa, wakakikunja polepole kama nguo ya marehemu. Nikapelekwa benchi la nyuma. Wakaniambia nikishazaa nitasimama mbele ya kanisa nitubu, ndipo mtoto aombewe. Nisimame mimi. Baba wa mtoto sikumtaja. Nilitaka ajitaje. Nilikaa lile benchi Jumapili baada ya Jumapili nikimpa nafasi, na kila Jumapili alipiga ngoma, tena vizuri. Nilipojifungua nikahamia Kawangware. Mtoto sasa ameanza kusimama na bado hajaombewa, na mama yangu hajawahi kumbeba mbele ya watu.

Basi wakafika. Walikuwa vijana wa kanisa, wanaotumwa kuwafuata wenzao waliopotea. Mbele yao alikuwa rafiki yangu, msichana tuliyekaa naye dawati moja tangu fomu wani. Nyuma yake kijana mfupi mwenye sauti nene kuliko mwili wake. Na huyo mwingine, ngoma ikining'inia shingoni, macho kwenye sakafu.

Jirani wangu wa mkabala alitoa kichwa. "Mama mtoto, hawa ni wako ama wamepotea njia?"

"Ni wangu," nikasema. "Kwa bahati mbaya."

"Sasa, we," rafiki yangu akaniambia. "Umejificha huku kama mtu ameiba kuku."

"Sijajificha. Nimehama. Hizo ni vitu mbili."

Akacheka, akaanzisha wimbo. Waliimba ubeti wa kwanza. Wakaimba wa pili. Ngoma ilikuwa inalia lakini haisogei. Mpigaji alikuwa amesimama pale kizingitini, ncha za viatu zikigusa ubao wa mlango, kama ng'ombe aliyeona daraja bovu. Wakarudia ubeti wa kwanza.

"Buda, ingia," yule mfupi akanong'ona, na kunong'ona kwake kulisikika mpaka chini. "Tutaimba huu wimbo mpaka Krismasi?"

"Pita wewe."

"Nipite aje? Ngoma ndio hutangulia. Ama umeanzisha kanisa yako?"

Wimbo ukafa wenyewe. Rafiki yangu hakutaka aibu ikae pale katikati, akaanza kuniambia walichotumwa. Akasema wamenimisi. Akasema mchungaji ameomba nije kesho. "Utasimama dakika moja tu, useme pole, mtoto aombewe, imeisha. Hata mamako atafurahi, aki."

"Nisimame peke yangu?"

"Si peke yako. Sisi tutakuwa nyuma yako."

"Sitaki watu nyuma. Nyuma nimekaa vya kutosha. Namtaka mtu kando."

"Mtu gani?"

Jirani alikuwa amepunguza moto wa jiko ili asikie vizuri. Nilikausha mikono kwenye leso. Kama mpiga ngoma angesema neno moja dakika hiyo, neno lolote, hata "nisamehe" la uongo, nafikiri ningefunga kiatu niwafuate mpaka Kibera. Nilimwachia nafasi, kama zile Jumapili zote.

Hakuichukua.

"Muulize mpiga ngoma kwa nini haingii," nikasema.

Rafiki yangu akageuka. Alimtazama, kisha akamtazama mtoto mgongoni kwangu. Huyu mtoto ana masikio ambayo huwezi kumsingizia mtu mwingine.

"Ni ukweli?" akamuuliza.

"Mimi nimekuja tu kupiga ngoma," akasema.

Nilidhani rafiki yangu ataanza kuomba. Ndivyo wanavyofundishwa: mambo yakichacha, funga macho uombe. Hakuomba. Alishika mkanda wa ngoma, akauvua shingoni mwa mpigaji kama unavyomvua mtoto sweta iliyolowa, akaibeba ngoma kifuani na kuvuka nayo mlango. Kwetu msichana hagusi ngoma. Sijawahi kuona. Akaiweka kando ya beseni langu.

"Imeingia," akasema. "Sasa tumekaribishwa."

Yule mfupi akamfuata, akiangalia juu kama anangoja dari ianguke. Yule mwingine tulisikia viatu vyake vikishuka ngazi. Niliwapikia strungi, chai kavu bila maziwa, tukanywa bila maneno mengi, na hakuna aliyeniambia niokoke.

Walipoinuka kwenda, mfupi akainama aichukue.

"Wacha. Inabaki," rafiki yangu akamwambia.

"Na kesho tutaimba na nini?"

"Na mdomo. Wakiuliza iko wapi, wewe ndio utajibu."

"Kwa nini mimi?"

"Si uko na sauti."

Jumapili sikuenda. Mama alinipigia simu baada ya ibada. Alisema kanisa limeimba kwa makofi, na mzee wa kanisa akasimama kuuliza ngoma iko wapi. Huyo kijana mfupi akainuka, kanzu ikiburuta chini, akajibu na kanisa lote likasikia: iko Gatina, kwa mtoto wa anayeipiga.

"Wewe ndiye uliwaambia wafanye hivyo?" Mama akaniuliza.

"Hapana, Mama."

Kisha akasema, "Masikio nilikuwa nimeyaona."

Alikuwa ameyaona. Tangu hospitalini. Na alinitazama nikifungasha nguo zangu Gatwekera akaniambia tu nisisahau blanketi. Nikakata simu kabla sijamwambia jambo ambalo mtoto hamwambii mama yake.

Sasa wazee wametuma ujumbe kwamba ngoma ni mali ya kanisa, niirudishe. Nimewajibu kwamba sikuileta mimi. Aliyekuja nayo aje aichukue, aje mchana jirani zangu wakiwa mlangoni, na safari hii avuke. Akishavuka na kumbeba mwanawe, tutashuka ngazi pamoja na tutasimama pamoja huko mbele, na kutubu nitatubu.

Mpaka hapo, iko kando ya beseni. Mtoto hujishikilia hapo anapojaribu kusimama, halafu huigonga kwa kijiko. Jirani wa mkabala analalamika kwamba hasikii redio. Simkatazi mtoto.