Kofia Aliyoivaa Mama Mkwe

Kuokoa elfu kumi na mbili kulinigharimu shilingi laki tatu na elfu sabini na tatu, mbuzi jike mmoja na meno mawili ya mbele. Nimejumlisha mara mbili, mara ya pili nikianzia chini kwenda juu, na jibu ni lilelile. Elfu kumi na mbili ndiyo nauli aliyotaja dereva wa bajaji kutoka kwetu, ng'ambo ya Kipalapala, mpaka hospitali, Kitete. Nilimwambia elfu saba. Akacheka. Nikamwambia pikipiki ninayo.

Abiria alikuwa mama mkwe. Jana yake alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Daktari alitaka alale wodini, yeye akakataa. Nyumbani alikuwa na kuku anayetotoa. Wakamfunika jicho kwa kikombe kidogo cha plastiki na bandeji, akarudi kwa gari la jirani akiwa na masharti yake: asiiname, asibebe kitu, jicho lisiingie vumbi, lisiguswe, lisigongwe, na kesho asubuhi arudi lifunguliwe. Mke wangu aliyakariri masharti yale kama katekisimu. La kushoto nalo lilikuwa na ukungu, likingoja zamu. Kwa miaka mitatu mama yule alikuwa anatutambua kwa sauti na kwa kikohozi. Tumaini lote lilikuwa chini ya kile kikombe cha plastiki.

Asubuhi ilipofika, gari la jirani lilikuwa limekwenda Nzega.

Sasa, kumpakia mama mkwe kwenye pikipiki si jambo la kusema panda twende. Kwetu mkwe hamgusi mkwe. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa sikuwahi kumpa mama yule mkono wala kukaa naye mkeka mmoja. Tukikutana njiani, mimi ndiye ninayeingia majanini. Shikamoo yangu naitoa nikiwa nimeinama pembeni, na marahaba yake hunifikia ikiwa imepitia upande mwingine. Na abiria wa pikipiki, barabara ikiharibika, humshika dereva.

Mke wangu alileta mto wa sufi, akausimamisha katikati ya kiti, akaufunga kwa mpira wa mizigo ninaofungia magunia ya karanga. Mama akae nyuma ya mto, ashike chuma cha keria. Hilo likaisha. Likabaki la kofia.

Nilikuwa na helmeti moja, ambayo vijiweni wanaiita elementi. Niliinunua sokoni mjini kwa mabishano ya nusu saa.

"Chukua mbili, baba, nakufanyia hamsini na tano," alisema muuzaji.

"Nina kichwa kimoja."

"Na abiria wako?"

"Abiria ana kichwa chake. Kila mtu na mzigo wake."

"Haya. Lakini hiyo ni kubwa kwako, ndiyo maana nakuachia kwa thelathini."

"Kichwa kitakua," nikasema, nikalipa ishirini na nane. Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja. Kichwa hakikukua. Kofia ilicheza juu yangu kama sufuria juu ya mafiga mawili.

Asubuhi ile nilimpa mke wangu ampelekee mama yake. Mimi nilisimama kando, nimegeukia shamba, lakini masikio hayana adabu.

"Hiyo si imekaa kwenye kichwa chake?" mama mkwe aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Jasho lake limo."

"Limekauka, mama."

"Jasho la mkwe halikauki."

Mke wangu ni bingwa wa kubishana kuliko mimi, ila yeye hafanyi biashara. Alifungua kanga yake, akamzungushia mama yake utosini na masikioni mara tatu, akaacha bandeji peke yake. "Kofia itagusa kanga," alisema. "Kanga ni yangu. Wewe hujaguswa na mtu."

Kisha mama mkwe akauliza: "Na yeye atavaa nini?"

"Anajua mwenyewe," alijibu mke wangu, na nilijua bila kugeuka kwamba ananitazama mimi.

Ile kofia kubwa, pamoja na mizunguko mitatu ya kanga, ilimkaa sawasawa. Kamba ya kidevuni ikafungwa, ta! Kioo kikateremshwa mbele ya jicho. Nikawasha pikipiki, kichwa wazi, upepo ukinipiga paji la uso.

Tulikwenda polepole. Nyuma ya mto nilisikia rozari inasaliwa, nami, kwa kuwa sina la kufanya nisipohesabu, nikawa nahesabu Salamu Maria. Kila nilipokosea kukwepa shimo sala ilikatika, moyo wangu nao ukakatika, kisha ikaendelea. Nilikuwa nasikiliza sala ile kama fundi anavyosikiliza injini. Ilimradi inaendelea, jicho lipo.

Upande wa Itetemia, kwenye njia ya vumbi, mbuzi walikuwa wanavuka kutoka kulia kwenda kushoto. Nilisimama kabisa, mguu chini. Nikawahesabu: saba. Nikawahesabu tena wakiwa ng'ambo, wameanza kula majani: saba. Wa mwisho alikuwa jike mkubwa mwenye chuchu zilizojaa. Nikaondoka taratibu, gia ya kwanza, ya pili.

Hapo kikalia kitoto kutoka kulia, ndani ya shamba la mihogo. Meee. Wa nane. Nikageuza macho kulia, nikaweka mguu kwenye breki, nikamngoja huyo mdogo atokee.

Hakutokea. Aliyetokea ni mama yake, kutoka kushoto, upande ambao nilikuwa nimekwisha kuuhesabu. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Kosa langu ni kudhani aliyevuka amevuka.

Gurudumu la mbele lilimpanda. Nakumbuka mlio mmoja mfupi, sijui wake au wangu, kisha usukani ukanitoka mikononi na ardhi ikanipiga mdomoni. Nilipoinua kichwa damu ilikuwa inaingia jichoni kutoka kwenye paji. Nikapitisha ulimi kwenye meno. Nikapitisha tena. Mawili hayapo.

Ndipo nilipogundua kwamba sala imekatika.

Mama mkwe alikuwa amelala ubavu wa kulia, hatua sita kutoka kwangu, mto wa sufi kifuani. Ile kofia ilikuwa imelala barabarani na kichwa ndani yake. Upande wa kulia. Upande wa jicho.

Nilisimama, nikaenda hatua nne, nikasimama tena. Mtu anayesoma hili akiwa mbali na kwetu atanishangaa. Nami nilijishangaa. Lakini mikono ilikataa. Miaka kumi na mmoja ilikuwa imeifundisha mikono ile, na haikufundishwa kitu kingine.

"Mama!" nikaita. "Mama, shikamoo!"

Ndilo neno lililotoka. Hakuitikia.

Mwenye mbuzi alitoka kwenye mihogo na jembe mkononi, mwanamke wa Kisukuma, mtani wangu kwa hiyo. Alimtazama mbuzi wake, akanitazama mimi.

"Nyie Wanyamwezi! Babu zenu walibeba pembe za tembo kwa miguu mpaka pwani, wewe bibi mmoja kumfikisha mjini tu umemmwaga njiani!"

"Dada, mshike," nikasema. Meno hayapo, maneno yanatoka na upepo. "Mshike wewe. Mimi ni mkwe."

Alinielewa papo hapo. Akatupa jembe, akapiga magoti kwa mama mkwe, akatia mkono chini ya shingo. Nilimwona anataka kuinua kioo cha kofia.

"Usifungue! Vumbi! Lina operesheni!"

Mkono ukaganda. Tukangoja, yeye amepiga magoti, mimi nimesimama kwenye hatua yangu ya nne, na yule mwanambuzi analia. Kisha kutoka ndani ya kofia, kwa sauti ya mtu aliye ndani ya mtungi: "Salamu Maria, umejaa neema..."

Nilikaa chini bila kupenda.

Mwenye mbuzi alimwinua akamkalisha. Bega linauma, alisema mama mkwe, akimwambia yeye, si mimi. Jicho hajui. Ndani ni giza, lakini lilikuwa giza tangu jana. Upande wa kulia wa ile kofia ulikuwa umechubuka mpaka rangi ya ndani, na kwenye kioo ulipita mkwaruzo mrefu, sawasawa na mahali jicho lilipo.

"Mbuzi wangu elfu tisini," mwenye mbuzi alisema, alipokwisha kumpangusa vumbi.

Nikatoa elfu tisini. Sikuuliza hata nyama ni ya nani. Mpaka leo jambo hilo linaniuma kuliko ufizi.

Bajaji ilipita, ileile. Dereva akanitazama mdomo, akamtazama mama mkwe na kofia yake, akajisogeza kunipa nafasi, na kwa hilo namshukuru. Nilikaa mbele pembeni yake. Nyuma hapakuwa na sala tena, na mimi sikuthubutu kugeuka.

Hospitali walinishona nyuzi kumi na moja kwenye paji, nikiwa kwenye benchi linalotazama mlango wa chumba cha macho. Nilimwomba muuguzi asifunge ule mlango. Nilimwona daktari akiivua ile kofia polepole, kisha kanga, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Bandeji. Kikombe cha plastiki. Akamwinamia na taa yake. Alikaa pale kwa muda ambao ningeweza kuhesabu, lakini sikuhesabu.

"Mama, unaona vidole vingapi?"

"Vitatu. Na kucha zako ndefu."

Akageuza uso mlangoni. Alisahau adabu, nami nilisahau kuinama, tukatazamana kwa mara ya kwanza tangu nilipotoa mahari.

"Huyu ndiye aliyemwoa binti yangu?" alimwuliza muuguzi. "Nilidhani ana meno."

Daktari aliigeuza ile kofia akanionyesha ndani. Lile povu gumu lilikuwa limepasuka, ufa wa urefu wa kidole. "Ufa huu ulikuwa uwe kichwani kwake," alisema. "Lakini sasa imekufa. Ikigongwa tena, ni sawa na kuvaa bakuli. Itupeni."

Hatukuitupa, na hapo ndipo shauri langu lilipo. Jumatatu ni zamu ya jicho la kushoto. Nimenunua helmeti mpya mbili, moja ya kumtosha yeye, na muuzaji hakunipunguzia hata mia. Mama mkwe ameikataa. "Hiyo mpya imemwokoa nani?" anasema. Ile iliyokufa ameitundika kwenye msumari juu ya kitanda chake, pamoja na rozari, na ndiyo atakayovaa. Bajaji nimekwisha kuilipia, elfu kumi na mbili kamili. Amesema atapanda, ila na kofia yake, na kama haiwezekani basi jicho libaki kama lilivyo. Mke wangu amenawa mikono: "Ni yako, kamdai mwenyewe." Mkwe hamdai mkwe. Chumbani kwake siwezi kuingia. Kumdanganya siwezi tena, anaona.

Anayejua namna ya kumvua mama mkwe kofia mbovu iliyomwokoa, bila kumgusa na bila kumkosea adabu, naomba anishauri kabla ya Jumatatu.