Eriali ya Mjomba na Muhali wa Mpwawe

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu hunichemka. Ilikuwa miaka ya tisini, mimi bi arusi, hina haijanitoka mikononi. Mume wangu Feisal alikuwa fundi wa redio hapa Mji wa Kale. Mjomba wake, Mjomba Sudi, alikuwa na nyumba kubwa Kizingo, na uani kwake alikuwa akiunda ndege. Ndiyo, ndege! Usicheke. Vipande vililetwa kwa meli, naye akaviunganisha kwa mkono wake mpaka ikawa ndege ndogo ya mabati mepesi, ya kiti kimoja, akaipaka rangi nyeupe ya kung'aa. Kurusha ndege alijua tangu ujana wake.

Basi siku hiyo alimwita Feisal amfungie kisanduku cha rangi ya machungwa. Kazi ya kisanduku hicho ni moja tu: ndege ikianguka, chenyewe huanza kulia hewani kwa mawimbi ya redio, watu wasikie, waje waokoe. Na sauti yake hutokea kwenye eriali. Feisal alikuwa amenieleza nyumbani kwamba eriali lazima isimame nje, mgongoni mwa ndege, maana sauti hiyo haipenyi bati. Kisanduku alikifunga barabara karibu na mkia, kisha akashika keekee atoboe tundu la eriali.

Mjomba akaja juu. "Ala! Unitobolee ndege nimeipaka rangi juzi? Chumvi ya hapa iingie inilie bati? Weka huko huko ndani!"

Nikamtazama mume wangu. Keekee akaiweka chini. Nikaona nisiponena mimi nitapasuka. Nikasema, "Mjomba, ikiwa ndani haitasikika."

Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Lo! Mke wa mpwa wangu naye kawa fundi! Ati kweli, Feisal?"

"Itasikika tu, Mjomba, inshallah," akajibu Feisal, akaifunga eriali ndani.

Mwanangu, inshallah ile! Jina la Mungu mtu kalifanya pazia la kujifichia. Njiani nilimwambia maneno, mengine hayamfai mke kumwambia mumewe. Akanijibu, "Yule ndiye aliyenilea. Naona muhali."

Muhali! Ile haya ya kumkatalia mtu. Nawe waujua, maana hapa kwetu tunanyweshwa pamoja na maziwa. Umeshiba, lakini mwenyeji akikukaribisha unakula tena. Mgeni kakuchosha, nawe wamwambia bado mapema, keti. Ni adabu nzuri, sikatai. Lakini adabu ina mipaka yake, jamani!

Haukupita muda, Mjomba akaruka peke yake kwenda bara, na ndege ikaanguka katika nyika za Taru. Ndege za kumtafuta zilipita na kurudi, zikitega masikio, zisisikie kitu. Walipompata alikuwa ameshafariki. Lakini hakufa kwa kuanguka. Alikuwa amejifunga mguu uliovunjika kwa kikoi chake, akajivuta hadi kivulini chini ya bawa, akangoja. Na kile kisanduku, waliofika walituambia, kilikuwa kingali kinalia. Redio zao zilikinasa walipofika ubavuni pake tu.

Matangani kila anayeingia asema, "Ajali haina kinga." Ajali haina kinga! Nilitamani kupiga ukelele. Hii ilikuwa nayo, na tuliifungia ndani ya bati kwa ajili ya rangi!

Mavyaa wangu, Bi Rukia, alikuwa dada wa marehemu. Habari ya eriali ilipomfikia, alimwita mwanawe chumba cha ndani, nami nilikuwapo.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama. Nilimwonea muhali."

Bi Rukia hakupaza sauti. "Ndugu yangu ulimwonea muhali," akasema. "Hukumwonea huruma."

Feisal alikaa chini pale pale sakafuni. Sikumpa mkono kumwinua, na hata leo sioni kwamba nilikosea.

Basi nisikie, mwanangu. Muhali uone kwa sahani ya pilau, uone kwa mgeni asiyejua kuaga. Penye roho ya mtu, sema. Msema kweli mpenzi wa Mungu. Mkubwa atakununia, mwache anune, lakini awe hai. Tena ukishasema ukachekwa, sema mara ya pili, na kazi mbovu usiifanye hata ukitishiwa kunyimwa radhi. Heri lawama kuliko majuto. Nawe ukiwa mkubwa, jihadhari usiwe mtu ambaye vijana wake humwambia "itasikika tu". Hata mimi mzee wako, ukiniona napotea, niambie, na nikikufokea usinyamaze.

Mola akupe ulimi usiotishika na uso wa mtu, akujaalie na wenye kukwambia kweli wakupendao. Amin.