Yaya Anayecheka Kwenye Picha ya Pili

Mama yangu hakuwa na picha hata moja ya ujana wake. Alizaliwa Kapata, hapa Kolwezi, katika nyumba za kampuni ya mgodi, kwa sababu babu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Nilikuwa mdogo watu wa Kasai walipofukuzwa huku warudi kwao. Tulipanda treni na sufuria na magodoro. Sanduku la picha likabaki juu ya kabati. Yaya wa mama, dada yake mkubwa, aliugua njiani akafa, tukamzika karibu na stesheni. Mimi nilikumbuka mkono wake tu, ulionishika nisianguke dirishani. Uso ulikuwa umenitoka kabisa.

Miaka mingi baada ya sisi kurudi Kolwezi, mwenzangu wa kazini aliniambia kwamba Wazungu waliowahi kufundisha hapa walikuwa wakitumiana picha zao katika vikundi vya zamani vya mtandaoni. Akanipa programu inayoingia humo yenyewe, inashusha picha zote na kuzipanga kwa mahali na mwaka. Niliiandikia Kolwezi, Kapata, Nzilo, nikaiacha. Umeme ulikatika mara mbili. Kila uliporudi iliendelea pale ilipoishia.

Jumapili moja, baada ya ibada, nilimketisha mama mbele ya ordinateri, kompyuta yangu. Tulipita bwawa la Nzilo, harusi, mbwa wa watu. Ikaja kwaya ya wasichana mbele ya kanisa. Mama alisogea hadi pua ikakaribia kioo.

"Njo kwaya yetu, ndiyo yenyewe," alisema. "Mi uyu hapa. Na uyu njo yaya."

Msichana aliyemwonyesha alikuwa amegeuza kichwa. Kilionekana kitambaa chake cha kichwa tu.

"Haonekani, mama."

"Foto zilikuwa mbili. Ya kwanza yaya alicheka, mwalimu akakasirika, akasema turudilie kupigwa foto. Njo yaya akanuna, akageuka."

Programu ile ilikuwa na folda ya nakala. Picha mbili zikifanana, programu iliitupa moja humo ingojee kufutwa, na mimi nilikuwa nimepanga kuifuta ile folda yote wiki hiyo ili nipate nafasi. Niliifungua. Kwaya ilikuwepo: kanisa lile lile, mistari ile ile, na katikati msichana mwenye mdomo wazi, macho yamefumbwa kwa kicheko. Nilimtazama nikangoja kumkumbuka. Kumbukumbu haikuja. Nilimwona kama mtu mgeni, mzuri, anayefanana na binti yangu.

Mama hakulia. Alimsalimu kwa Kiluba cha Kasai, taratibu, kama mtu aliyekutana naye sokoni, kisha akaniomba nisiiondoe kwanza picha ile. Tulikaa hivyo mpaka chakula kikapoa.

Programu haikukosea, kwa hesabu yake picha zile zilikuwa moja. Kesho yake nilizima sehemu inayotenga nakala, nikaanza kuzipitia zote mwenyewe, moja baada ya nyingine. Ni kazi ya polepole. Nusu bado sijafika.