Nilisubiri Mkono wa Felista Ufike Sikioni

Jamani, mjinga ni mimi. Cheti cha kidato cha nne nimekitundika ukutani, lakini nilimnyima mwanangu shule kwa sababu ya sikio!

Mnakumbuka tulivyoandikishwa darasa la kwanza? Mkono unapitishwa juu ya kichwa. Ukigusa sikio la upande wa pili, umri umefika. Sasa binti yangu Felista alizaliwa na mikono na miguu mifupi. Kila mwaka shule zilipokaribia kufunguliwa nilimsimamisha uani nikampima. Vidole viliishia utosini.

"Bado hujakua," namwambia. "Ongeza uji wa ulezi."

Uji akanywa, loo! Mashavu yakajaa, mkono uleule. Mdogo wake Deo akagusa sikio, akaenda shule. Felista akabaki na mimi na kuku. Maana wenzangu miaka ile walihangaika na biashara, mitumba ya soko la Majengo na dagaa wa ziwani Kabwe. Mimi safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi kibarazani.

"Baba," aliniuliza siku moja, "kichwa nacho kikiendelea kukua, mkono utafika lini?"

Nikacheka. Mpumbavu!

Niseme yote: umri wake niliujua. Sikio lilikuwa kisingizio. Niliona aibu watu wamwone njiani.

Miguu ilipoanza kumuuma nikampeleka hospitali. Daktari akasema mifupa yake ndivyo inavyokua, ni hali adimu ya kuzaliwa nayo. Akili yake haina tatizo, na uji haurefushi mfupa. "Yuko darasa la ngapi?" Nikatazama dari.

Alianza la kwanza Deo akiwa la nne. Watoto wakamwita bibi. Asubuhi ya siku ya kwanza nilivaa shati la Jumapili nimsindikize. Akanitazama: "Baki tu, baba. Nyumbani ndiko ulikozoea."

Weee! Hadi leo neno hilo linaniwasha.

Wenzangu mliojaliwa mtoto kama wangu, mpelekeni shule na wenzake. Cha kufungia ndani na kuku ni aibu yenu.

Nilimsimulia jirani yangu Mama Shija, Msukuma mwenye ng'ombe, nikitegemea pole. Hata kukamua hakuacha.

"Baba Felista, wewe mikono yako inafika masikio yote mawili. Mbona mtoto alipokuuliza hukusikia?"