Mita Mbili Kutoka kwa Kukhu

Tepu ya kupimia ya mama huishia sentimita mia moja na hamsini. Niligundua hilo mwaka ule wa korona, siku niliyotaka kujua mita mbili ni umbali gani hasa ndani ya nyumba yetu ya mtaa wa Jericho, Nairobi. Mama ni fundi wa nguo sokoni, na tepu ile huning'inia shingoni mwake hata akiwa kanisani. Nilimwomba anipe. Nikapima kutoka mlangoni kwenda ndani, nikaweka kidole pale ilipoisha, nikaongeza sentimita hamsini. Nikapima tena kutoka kwenye kochi. Jibu lilikuwa kwamba watu wawili hawangeweza kukaa sebuleni kwetu kama serikali ilivyotaka, ila mmoja wao akubali kuketi juu ya televisheni.

"Umemaliza kupima jeneza?" mama aliuliza. "Nataka tepu yangu."

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, digrii ya takwimu, na kazi haikuwapo. Mtu aliyesomea uwezekano wa mambo kutokea, ukimfungia nyumbani, hawezi kutulia. Nilitaka kujua kikohozi hufika wapi. Adhuhuri moja nilichukua kiganja cha unga wa ngano, nikasimama uani na kuupuliza huku nikiutazama dhidi ya jua. Mwingi ulianguka karibu na miguu yangu. Kidogo kilipanda, kikaelea juu ya kamba ya nguo, kikapinda kona ya choo na kupotea. Hicho kidogo ndicho kilichoninyima usingizi wiki nzima.

Wakati huo Nairobi ilikuwa imefungwa. Malori ya chakula yalipita kwenye vizuizi, watu wa kawaida hawakupita. Nakiri kwamba jambo hilo lilinifaa. Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu magharibi, alikuwa kijijini, umri zaidi ya miaka themanini na pumu ya tangu ujana. Kila Jumapili alinipigia simu kunidai. Kwetu nyanya na mjukuu wa kiume hutaniana kama mke na mume, na yeye hakuruhusu deni hilo lilale.

"Mume wangu, umeoa mwingine huko?"

"Barabara imefungwa, Kukhu."

"Mume wa kweli angepitia mashambani."

"Polisi wako hadi mashambani."

"Basi kucha zangu zitafika Nairobi kabla yako. Zimekuwa kama za mwewe. Nani atanikatia?"

Kucha za miguu yake nilizikata mimi tangu nikiwa darasa la nne, kila likizo. Magoti hayakumruhusu kuinama, na macho yake hayakufika huko chini. Wake za ami zangu waliishi boma za karibu na wangemkatia kwa furaha, lakini kwake ilikuwa aibu mke wa mwanawe kumshika miguu. Mjukuu hana aibu hiyo. Mimi nilicheka tu, nikasema barabara imefungwa, nikarudi kwenye mawazo yangu.

Kisha barabara zikafunguliwa. Nilisikia kwenye redio ya duka la jirani yetu, mama mmoja Mwislamu ambaye duka lake linatazamana na mlango wetu. Watu waliokuwa pale walipiga vigelegele. Mimi nilisimama na mkate mkononi nikihisi kama mtu aliyenyang'anywa mwavuli. Kwa miezi yote hiyo swali la kama niende au nisiende lilikuwa la serikali. Sasa lilikuwa langu.

Nililigeuza kila upande. Nisipoenda, Kukhu angeweza kufa kwa pumu yake ya kawaida kabla sijamwona. Nikienda, ningeweza kumpelekea ugonjwa mwenyewe, kwa mkono uleule ambao angeusubiri mlangoni. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba singejua. Walisema mtu anaweza kuwa nao na asihisi chochote. Nilikaa nikiusikiliza mwili wangu kama mtu anayesikiliza panya darini, na kama ujuavyo, ukisikiliza sana utasikia tu.

Mwishoni nilipata mpango. Ningejifungia siku kumi na nne katika chumba cha mabati kilicho nyuma ya nyumba yetu. Nisipoona dalili, ningetoka na kwenda moja kwa moja kwa Kukhu. Mama angeniwekea chakula juu ya kigoda uani, aondoke, ndipo nikichukue.

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Sawa," alisema. "Lakini usimwambie mtu kwamba unasafiri. Safari haitangazwi."

"Hata Kukhu?"

"Huyo ndiye wa kwanza. Ukimwambia ataita ukoo mzima uje kukusalimia, na hapo utakuwa umejifungia bure."

Hoja hiyo ilikuwa nzuri, nikaikubali. Sikufikiria, mimi niliyefikiria kila kitu, kwamba majirani wangeuliza.

Waliuliza siku ya tatu. Nilimsikia mama uani akiulizwa na mwenye duka mbona kijana haonekani. Mama hawezi kusema uongo, na safari hakutaka kuitaja. Akasema, "Yuko ndani. Anajituliza tu."

Kila mtu Jericho anajua maana ya maneno hayo. Ndivyo ilivyosemwa kuhusu yule mzee wa kifua kikuu aliyeishi mtaa wa nyuma. Ndivyo ilivyosemwa kuhusu kila mtu ambaye baadaye tulimchangia mazishi.

Siku ya tano rafiki yangu, tuliyesoma naye tangu shule ya msingi, alisimama nje ya dirisha langu dogo.

"Niaje, buda. Wasee wa mtaa wanasema umeipata hiyo korona."

"Sijaipata."

"Hata wale waliipata walisema hawajaipata."

"Niko sawa kabisa. Nakwambia."

"Basi toka nje."

"Siwezi kutoka."

"Sawa, buda," alisema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake. "Usijali. Nakuletea mwarobaini."

Aliuleta, tawi zima, nijifukize. Jioni ile mwenye duka alikuja na chupa ya chai ya tangawizi na limau. Nilimwambia kupitia mlango kwamba anihurumie, asikaribie.

"Mwanangu," alisema, "mgonjwa huangaliwa. Tukiogopana hivi, tumebaki nini?" Akaweka chupa kwenye kigoda, akavuta ndoo, akaigeuza na kuikalia. Alinisimulia habari za dada yake wa Eastleigh kwa saa nzima.

Kesho yake walikuja akina mama wa kanisa la mama yangu. Walisimama uani wakaimba nyimbo tatu, barakoa zikiwa kidevuni ili sauti zitoke. Mmoja wao, mtu wa kwetu kabisa, aliweka kiganja kwenye mabati ya mlango wangu na kuomba kwa lugha ya nyumbani. Niliutazama mwanga uliopita kwenye matundu ya misumari na kuhesabu. Wiki ile kabla ya kujifungia nilikuwa nimekutana na watu watatu. Tangu nijifungie, walikuwa wamenijia kumi na moja. Ningeweza kuandika makala ya kitaalamu kuhusu jambo hilo. Badala yake nilirudisha hesabu yangu ya siku kwenye sifuri na kuanza upya.

Jioni Kukhu alipiga simu, na haikuwa Jumapili.

"Mjukuu wangu," alisema.

Hakusema mume wangu. Hilo pekee lingetosha kunishtua kama ningekuwa na akili.

"Unakula?"

"Nakula, Kukhu."

"Unapumua?"

"Napumua vizuri."

"Mbona sauti yako iko hivyo?"

Sauti ilikuwa hivyo kwa sababu nilikuwa nimeshinda siku nzima bila kusema neno. Nilitaka kumweleza yote, nikakumbuka ukoo mzima ukijipanga kunisalimia. Nikasema, "Ni kujituliza tu."

Alikata simu bila kutaja kucha.

Siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, nilisikia hodi mlango wa mbele, kisha mama akipiga ukelele mfupi kama mtu aliyejichoma sindano. Nilichungulia. Kukhu alikuwa akiingia uani polepole kwa mkongojo wake, barakoa ya kitenge tuliyomtumia ikiwa kidevuni, mfuko wa sisali mkononi na kichwa cha kuku kikichungulia kutoka humo.

"Yuko wapi?"

"Mama, hamuwezi kukaribiana," mama yangu alisema.

"Sikuja kutoka kwetu kukutazama wewe. Yuko wapi?"

Nilifungua mlango na kusimama kwenye kizingiti. Aliniangalia kutoka miguuni hadi kichwani, akarudi chini tena.

"Huyu amenenepa," alisema.

"Sikuwa mgonjwa, Kukhu. Nilijifungia ili nije kwako nikiwa sina ugonjwa."

Ilimchukua muda. Alimtazama mama, akatazama kigoda na sahani yangu juu yake. "Kwa hiyo ulijifungia usiniletee ugonjwa, na mimi nikatoka nyumbani kuufuata."

"Ulikuja na nini?"

"Lori la ndizi la mtu wa kanisani. Linaleta ndizi sokoni."

"Dereva alikuwa amevaa barakoa?"

"Mtu anayekula miwa atavaaje barakoa?"

"Dirisha lilikuwa wazi?"

"Upande wake. Upande wangu niliufunga, upepo huniamsha pumu."

Saa tisa njiani, mtu mmoja akitafuna miwa, dirisha moja. Niliona ule unga wangu ukipinda kona ya choo.

"Kukhu, kwa hesabu iliyopo," nilisema, "wewe sasa ndiye unayepaswa kukaa humu chumbani."

Alicheka hadi akashika ukuta, na kicheko kikageuka kikohozi kile chake cha kawaida, mama nami tukitazamana. Kilipotulia alipangusa macho. "Basi toa vitu vyako, mume wangu. Bibi arusi amefika."

Alilala chumba cha mabati, nami nikahamia kwenye kochi. Mama aliileta cherehani yake nyumbani bila kuombwa na mtu, akawa anashona barakoa sebuleni ili asiende sokoni na kurudi na pumzi za watu. Mchana tulikaa uani, Kukhu upande wa choo, mimi upande wa jikoni, kamba ya nguo katikati yetu. Siku ya pili alivua viatu vyake vya raba, akanyoosha miguu juani.

Hakuwa ametania. Kucha za vidole vikubwa zilikuwa zimejikunja na kuingia nyamani, na pembeni palikuwa pamevimba na kuwa pekundu. Alikuwa ametembea hivyo kutoka sokoni hadi kwetu.

"Siku kumi na nne si nyingi," nilisema, na mara nikasikia upumbavu wa maneno yangu.

"Kwako."

Niliingia ndani nikachukua tepu. Nilimkalisha kwenye kiti, miguu juu ya kigoda, nikamwomba aegemee nyuma kabisa. Niliweka mwanzo wa tepu kwenye kidole gumba cha mguu wake na kuivuta kuelekea usoni. Iliishia kwenye kidevu. Mita moja na nusu, na kidogo zaidi hadi puani. Nje, penye upepo, barakoa mbili, uso wake ukitazama upande. Haikuwa mita mbili. Nilisimama pale nikitafuta ile nusu iliyobaki.

"Ningengoja mpaka ufe?" nilisikia akisema. Hakuwa ananitania sasa. "Yule wa kwetu wa kanisani aliponipigia kuniambia umelala mgonjwa, nilijiuliza kitu kimoja. Ukifa huku, wangehesabu watu wa kukuzika. Wangesema watu wachache, na wazee wabaki nyumbani. Ningeambiwa kwa simu. Nikaona heri nije wakati bado unaniona. Hiyo ndiyo hesabu yangu. Yako sijui."

Yangu ilikuwa ndefu zaidi, na sikuwa nimefika mwisho wake. Nilikwenda kuchemsha maji.

Nilitia miguu yake kwenye beseni hadi kucha zikalainika, nikaipangusa, nikafungua wembe mpya. Nilikata polepole, nikibana pumzi kila nilipoinama na kuitoa nilipogeuka pembeni, mpaka kizunguzungu kikanishika na Kukhu akaniuliza kama nazaa. Mama alisimama mlangoni na kitambaa mkononi, hashoni.

Hakuna aliyeugua kati yetu. Kukhu alikaa hadi mahindi yake yalipokomaa, akarudi na lori lilelile, dirisha lake likiwa wazi kwa amri yangu na shali mbili shingoni kwa amri yake. Nimejaribu mara nyingi kujua kama ilikuwa uangalifu wangu au bahati tu, na ninachoweza kusema kama mtu wa takwimu ni kwamba familia moja si ushahidi wa lolote.

Lakini siku ile ya kucha, nilipomaliza, alisema kama alivyosema tangu nikiwa darasa la nne, "Hesabu." Kwa Kukhu kucha za mtu haziachwi chini zikaokotwa na mwenye nia mbaya. Hukusanywa zote na kutupwa chooni.

"Tisa," nilisema.

"Tafuta."

Nilipiga magoti. Mama akaja akainama upande wa pili wa kiti. Kukhu, ambaye magoti yake hayainami, aliinamisha kichwa alivyoweza na kuelekeza kwa mkongojo, hapana, hapo, chini ya beseni, wewe huoni. Tulipekua mchanga ule kwa vidole, vichwa vitatu pamoja, barakoa zikiwa zimeshuka, hadi paji langu la uso likagonga la mama. Kipande cha kumi kilikuwa kimenasa kwenye tepu.